Mafuta Yangu na Uso Wako

Mwanangu Debora,

Salamu tutapeana kesho asubuhi penye lori, mbele ya watu, na ninavyojijua nitakuwa nalia hata usisikie neno langu moja. Kwa hiyo nakuandikia sasa, ungali kwa bibi yako ukimuaga, na jua bado liko juu ya mibuni ya baba yako. Nimekaa mlangoni, ubao wa kukatia mboga nimeuweka magotini ndio meza yangu. Kuku wananizunguka wakidhani nina mahindi.

Utashangaa kuona Kiswahili, wakati mimi na wewe tangu uzaliwe tumesemezana Kinyiha. Ni kwa sababu kalamu nilifundishwa kwa Kiswahili, kule misheni, na mkono wangu haujazoea kuandika lugha ya nyumbani. Tena nikisema kweli, yapo maneno ambayo kwa Kinyiha yangenikwama kooni. Kiswahili kinanisogeza kidogo mbali na aibu yangu.

Habari za sanduku, blanketi, karanga za njiani, na upande gani wa lori ukae usitapike, sitaziandika. Baba yako amekuambia mara tatu na kesho atakuambia ya nne. Mambo ya kumcha Mungu mchungaji aliyasema Jumapili, na alisema marefu mpaka mtoto wa jirani akalala chini ya benchi. Mimi nataka kukuandikia juu ya mafuta, na juu ya uso wako, na juu ya neno moja nililolitamka ambalo wewe hujui kuwa lilitoka kinywani mwangu.

Leo nilikuona ukitoka. Njia ya karibu ya kwenda kwa bibi yako inapita mlangoni kwa shangazi yako Naomi. Wewe ulishuka mtoni, ukazunguka na shamba la ulezi, ukapanda upande wa pili. Mwaka wa pili huu unafanya hivyo. Shangazi yako alikuwa uani kwake anaanika maharage, na kwa vile mlima ule hauna miti, nina hakika alikuona mwanzo hadi mwisho. Unaondoka kesho ukimchukia dada wa baba yako kwa jambo unalodhani lilianza kwake. Halikuanza kwake, mwanangu. Ndiyo sababu nimechukua kalamu.

Nianzie mbali, univumilie. Nilipokuwa na miaka kama minane mama yangu mzazi aliugua, akalala karibu mwaka mzima. Baba yangu alikuwa Lupa akitafuta dhahabu, ambayo hakuiona. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kutupaka mafuta. Unaijua baridi yetu ya mwezi wa sita, ule upepo unaochana midomo. Nilikwenda shuleni miguu imepauka kama nimetembea kwenye jivu. Msichana mmoja, simtaji kwa sababu leo ana wajukuu na tunasalimiana vizuri, aliokota kijiti akanichora mguuni. Ngozi kavu ukiichora, mstari mweupe hubaki. Basi akaandika juu ya mguu wangu herufi tulizofundishwa asubuhi ile, a, e, i, o, u, na watoto wakasoma kwa sauti kama darasani. Walipomaliza akasema, "Huyu hana mama."

Mama nilikuwa naye. Alikuwa amelala ndani anakohoa.

Sijui kama wewe umewahi kuona aibu ya namna ile, inayokufanya umkasirikie mtu unayempenda. Nilirudi nyumbani nikamkasirikia mama yangu mgonjwa. Siku hiyo nilijiapia kwamba nikizaa, mtoto wangu hatapauka hata siku moja, na yeyote atakayemtazama atajua kwamba huyu anaye mama.

Nilipoolewa hapa, bibi yako ndiye aliyenifundisha kukamua mafuta ya nyonyo, mbegu za mbarika. Umenisaidia kazi ile mara nyingi, lakini sidhani nimewahi kukuambia nilivyoipenda. Kukaanga mbegu bila kuziunguza, kuzitwanga mpaka ziwe tope, kuchemsha na maji, kisha kukaa pale na upawa ukiengua mafuta yanapopanda juu, polepole, bila kuchota maji. Halafu kuyarudisha motoni mpaka yaache kulia. Bibi yako alikuwa akisema mafuta yakilia bado yana maji, na yakiwa na maji yataoza. Mimi nikaongeza la kwangu: nilitia siagi ya maziwa yetu ili yawe mazito na yakae mwilini kutwa. Ndipo yakajulikana. Wanawake walitoka Itumba kuyafuata, na hakuna bibi arusi wa upande huu, mpaka kule Tunduma mpakani, aliyetolewa ndani bila mafuta ya Mama Debora. Chema chajiuza, nami sikuwahi kutembeza kibuyu kwa mtu. Nilijivuna, mwanangu. Nilijivuna kimyakimya, na huko ndiko kujivuna kubaya zaidi, kwa sababu hakuna anayekukanya.

Ulipozaliwa nilikupaka mpaka baba yako akaogopa kukubeba. Alisema, "Mtoto gani huyu, kambare?" Ulikuwa unang'aa, na watu kanisani waligeuka. Kila walipogeuka mimi nilisikia kwamba wananiambia, unaye mama, unaye mama, ingawa si mimi niliyekuwa napakwa.

Ukafika miaka kumi na minne, na chunusi zikaanza. Kwanza mbili kwenye paji la uso, kisha mashavuni, kisha kidevuni zile kubwa zenye usaha ambazo ulishindwa kulalia shavu. Mama mwingine angejiuliza. Mimi nilikuwa na jibu kabla ya swali: ngozi imekauka, iongezewe mafuta. Nikaongeza. Mara moja asubuhi, mara moja jioni, juu ya vumbi la barabarani na moshi wa jikoni, tabaka juu ya tabaka, wala sikukuacha unawe vizuri maana nilisema maji yanapausha. Zilipozidi nikasema hupaki vya kutosha. Zilipozidi tena nikasema unajifuta njiani.

Na kweli ulikuwa unajifuta. Unakumbuka ukaguzi wangu? Kabla hujatoka kwenda shule nilikupitisha kidole gumba shavuni, nikakitazama kwenye mwanga kama karani anayekagua hati. Kisipong'aa nilikurudisha ndani. Nawe ulikuwa ukisimama wima umefumba macho, maana zile za shavuni zilikuwa zinauma, na mimi nilizibonyeza. Nilijua zinauma. Nilidhani dawa lazima iume. Kisha ukifika mtoni ulijifuta kwa majani, na mafuta mengine yakabaki vidoleni, mpaka mwalimu akakuchapa kwa sababu daftari lako lilikuwa na alama za mafuta kila ukurasa. Ulirudi nyumbani hukuniambia. Niliambiwa na mtoto wa jirani, na badala ya kukuhurumia nikakuuliza, "Kwa nini hukunawa mikono?"

Hayo unayajua. Nimeyaandika ili ujue kwamba nami nayajua. Sasa nafika kwa usilolijua.

Msimu ule wa kupanda mahindi, chungu kilipasuka mekoni, mafuta yakaniunguza mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Wiki tano sikushika mchi wala upawa. Wewe ulipika, ulinifua, ulinisuka nywele, ulinilisha ugali kama mtoto, tena ulinitania kwamba nafungua mdomo kabla tonge halijafika. Hakuna aliyekumbuka mafuta. Ulikuwa ukinawa uso kwa maji ya mtoni ukienda kuteka, basi. Asubuhi moja uliinama kunifunga kitambaa cha kidonda, uso wako ukawa karibu na wangu, mwanga ukiingia dirishani. Paji la uso lilikuwa laini. Mashavuni yalibaki madoa tu.

Mama mwema angefurahi. Mimi nilikasirika. Nilikasirika kama mtu aliyetukanwa. Nilikutazama nikaona wiki tano zangu za maumivu zimekupa kile ambacho miaka yangu ya ustadi ilikunyima, na sikuweza kulimeza hilo. Mkono ulipopona nilikupaka tena. Nilikuambia ni kwa sababu ya upepo. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona, na siku ya sita zikatoka tatu kidevuni na moja kubwa kwenye nyusi. Nikaacha. Nilikuambia mafuta yamekwisha, wakati vibuyu viwili vilikuwa vimejaa chini ya kitanda changu. Sikusema, "Debora, nimekosea." Maneno mawili tu hayo.

Basi kumbuka hili unaposoma yanayofuata: nilikuwa nimekwisha kujua.

Wiki ile ile nilikwenda mnadani Ruanda, hapa hapa kwetu, na vibuyu vyangu. Akaja mwanamke mmoja wa upande wa Tunduma, anaozesha binti, ameniletea chupa nne nimjazie. Alikuwa amekuona kanisani. Akanong'ona, lakini kunong'ona kwa mnadani unakujua, kila mtu alisikia.

"Mama Debora, mukwayi, nakuomba kwa heshima, usinikasirikie. Nasikia mafuta haya ndiyo yamemharibu binti yako uso. Mimi wangu anaolewa wiki ijayo, naogopa."

Wanawake waligeuka wakanitazama. Mmoja aliyekuwa ameshika kibuyu changu akakirudisha chini taratibu. Niliona kazi yangu yote inarudishwa chini pamoja na kibuyu kile. Ningeweza kusema, dada, kwa miguu na mikono hayana mfano wake, lakini kwa uso wenye chunusi usiyatumie. Lilikuwa neno jepesi, tena la kweli, na nadhani wangeniheshimu zaidi. Badala yake nilicheka. Nikasema kwa sauti, ili wasikie wote:

"Mafuta yangu yana kosa gani? Zile ni chunusi za kutaka mume. Damu imechemka. Mtoto keshaanza kutazama wanaume, mimi nimpake nini?"

Wakacheka wote. Yule mama akacheka zaidi, akanijazisha chupa zake zote nne. Nilirudi nyumbani vibuyu vitupu.

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo wasemavyo watu. Mdomo wangu uliponza kichwa cha mwanangu. Unajua sisi tulivyo: msichana akiambiwa na jirani kuwa anatazama wanaume, ni umbeya, utapita na mvua. Akiambiwa na mama yake mzazi, ni ushahidi. Haikupita siku tatu shangazi yako akaja hapa na uso mzito.

"Wifi, nasikia mtoto damu imechemka."

Nilikuwa napepeta mtama. Nikasema, "Ndivyo watu wanavyosema."

Watu. Nilisema watu.

"Basi tusingoje aibu," akasema. "Shule si mume. Tumtafutie mtu wa heshima kabla hajajiharibia."

 Niliendelea kupepeta mtama ambao ulikuwa safi zamani.

Yaliyofuata ulikuwapo. Yule mwanamume aliyerudi kutoka migodi ya Rodeshia, na mjomba wake mwenye kofia, wakaja na jembe jipya na blanketi nyekundu, wakaviweka pale sebuleni. Mjomba alisema wamesikia binti amekomaa, na kwamba akishazaa wa kwanza uso utatakata wenyewe, kwao wameona wengi. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Ulitoka, mtoto wa miaka kumi na mitano, ukasimama mbele ya wageni, jambo ambalo kwetu halifanyiki, na hukuwatazama wao. Ulimtazama shangazi yako.

"Ni wewe, shangazi. Wewe ndiye uliyeeneza maneno haya. Nimekufanyia nini?"

Debora, hapo ndipo ninapotaka usome polepole.  Shangazi yako aligeuza kichwa akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, akiningoja niseme. Nilikuwa jikoni penye mlango wazi, nimeshika mwiko, uji wa wageni uko mekoni, nami nikainama nikaukoroga. Alipoona sisemi, alijifunga kanga yake vizuri, akasema, "Mtoto ana hasira, aachwe," akatoka. Tangu siku hiyo hajakanyaga uani kwetu isipokuwa kwa msiba.

Aliyekuokoa ni baba yako, mtu ambaye tunamcheka kwa kusema maneno kumi kwa siku. Aliomba wageni radhi, akakuita mlangoni penye mwanga, akakushika kidevu akautazama uso wako kama anavyotazama jani la kahawa lenye ugonjwa. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nazo hizi miaka mitatu. Mgongoni nina makovu yake mpaka leo. Hakuna aliyekuja na jembe kuniambia nioe." Akamwinulia mjomba jembe lake, akamwinulia na blanketi, akawashukuru kwa kutembea mbali. Akawasindikiza mpaka barabarani. Mimi nilibaki na sufuria ya uji ambao haukunyweka.

Wewe ulidhani nililia jioni ile kwa sababu ya aibu ya wageni. Nililia kwa sababu baba yako kwa maneno yale machache alifanya kazi iliyokuwa yangu, naye hakujua lolote, na mimi niliyejua yote nilikuwa nakoroga uji.

Umesoma, umefaulu, unakwenda kuwa mwalimu. Uso umetulia peke yake, ukiachiwa maji ya uvuguvugu na kitambaa safi. Madoa yale mawili ya shavuni ni ya kidole changu gumba, na kila nikikutazama ukicheka nayaona yakipanda. Sikufungashii kibuyu. Huko mtakapokaa wengi bweni moja, mtauziana na kugawiana vitu vya kujipaka, vya dukani na vya nyumbani. Mafuta si adui. Miguu yako itayataka, hasa huko kwenye upepo, na wapo wenye nyuso zinazoyapokea vizuri, mimi mmoja wao, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilidhani ngozi ikitoka tumboni mwangu itapenda ninachopenda mimi. Uso wako uulize wenyewe, kidogo, kwa siku chache, na ukikujibu kwa chunusi usibishane nao. Mimi nilibishana nao mwaka mzima.

Na utakapokuwa darasani, utaona mtoto aliyepauka miguu, na utaona mwingine anayeng'aa. Utajaribiwa kudhani unajua mama zao. Mimi nilikuwa yule wa kwanza, wewe ulikuwa yule wa pili, na waliotutazama walikosea mara zote mbili. Sina la kuongeza hapo, wewe ndiye mwalimu.

Sasa ya leo asubuhi. Ulipokuwa unafua, mimi nilikwenda kwa shangazi yako. Nilisimama uani kwake kama mgeni, maana miaka miwili ni mingi. Hakunikaribisha. Aliendelea kuchagua maharage. Nikamwambia, "Wifi, nimekuja kusema kwamba neno lile lilikuwa langu. Nililisema mnadani ili niuze."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua. Nilikuwa nyuma yako nanunua chumvi."

Nikakaa chini penye maganda. Nikamwuliza, kama alisikia kwa masikio yake, mbona alikuja kwangu na habari za mchumba.

"Kwa sababu nilikuamini," akasema. "Nilisema, mama mzazi hawezi kumzulia mwanawe jambo kama lile. Nikaona mtoto wetu yuko hatarini, nikakimbia. Nikakuja kwako kwanza nikakuuliza, ukaniambia ni watu. Hapo nikadhani unaona haya tu. Mpaka siku ile ya uji. Ulipoinama ndipo nikajua ulizua."

"Na mbona hukusema, Naomi? Alikutukana mbele ya wageni."

Unamjua shangazi yako, si mtu wa maneno laini. Alinitupia haragwe bovu, likanipiga begani.

"Ningesema ili iwe nini? Mtoto uso umeharibika, shule inataka kumtoka, nimwondolee na mama? Shangazi mtu anaweza kumkasirikia akaishi. Tena mimi nami nilimletea yule mwanamume mwenye jembe, nilikuwa na sehemu yangu. Nikasema nitabeba mpaka wewe upate akili. Sikujua ungechelewa hivi."

Ndivyo alivyosema, na nimeandika kama alivyosema. Miaka miwili amekuona ukizunguka mlima, na alikuwa na neno moja la kukurudisha, akalishika mdomoni kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa na neno lile lile, nikalishika kwa ajili yangu mwenyewe. Tofauti ya mimi na yeye ni hiyo, na inaniuma kuiandika.

Nilipoaga akaniambia nisikuambie kabla ya safari. "Atakwenda amevunjika moyo. Mwandikie baadaye, akishazoea huko." Nami nilishawishika, sitakuficha. Niliwaza kuiweka barua hii sandukuni, chini ya magauni, uikute ukiwa mbali, hasira zako zinifikie zimepoa kwa posta. Nusu saa nimekaa na wazo hilo na lilikuwa tamu. Kisha nikaona ndiyo tabia yangu ile ile, ya kuinama na kukoroga. Ukiisoma huko mbali, mimi nitakuwa nimepona na shangazi yako hutaweza kumfikia. Anaumwa kifua siku hizi, na likizo yenu ya kwanza ni baada ya mavuno.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, ukiingia tu uani. Nitaingia ndani nikuache usome. Ukimaliza, usije kwangu kwanza, hata kama unataka kunikumbatia, hata kama unataka kunipigia kelele. Yote mawili yatakuwa haki yako na yote mawili yataweza kungoja. Nenda kwa shangazi yako. Hajui kama nimekuandikia, ila nimemwona bado yuko nje, na maharage yale yalikauka tangu saa nane.

Kama baada ya hapo hutaki nikusindikize kesho, utamwambia baba yako, naye hatauliza sababu. Nitabaki nyumbani. Nitaumia, Debora, nisikudanganye tena kwa kusema nitakuwa sawa. Ninakupenda, na nilikukuza wewe huku nikiiuza heshima yako, na yote mawili yalifanywa na mtu mmoja, ambaye ni mimi. Usiache mtu mwingine akubebee hasira iliyo yangu. Ilete hapa, mimi nimo jikoni, na safari hii sina chochote mekoni.

Mama yako.